Ko-ko-ko, kwi-kwi au ngo: kulinganisha kelele za chini ya gari kabla hujanunua spea

Niliwahi kununua shokapu mbili mpya za mbele kwa sababu ya kelele iliyokuwa ikitoka kwenye kijifimbo cha chuma kifupi kuliko mkono wangu kutoka kiwiko hadi kiganja. Gari lilikuwa likigonga ko-ko-ko upande wa kushoto kila nikipita penye kokoto au lami iliyochakaa. Fundi akakandamiza boneti kwa mikono miwili mara mbili tatu, gari likanesa, akajinyoosha na kusema, "Bosi, hizi shokapu zimekwisha." Nikalipa. Nikatoka gereji na gari lililotulia kwenye kona kuliko zamani, na ko-ko-ko yake palepale ilipokuwa.

Sikudanganywa. Shokapu zilikuwa zimechoka kweli na siku zao zilikuwa zinahesabika. Kosa letu sote wawili lilikuwa kudhani kwamba kilichochoka ndicho kinachopiga kelele. Chini ya gari la familia lililokwisha kutembea kilomita laki moja na ushei, utakuta vitu vitatu au vinne vimechoka kwa pamoja na kinachogonga ni kimoja tu. Tangu siku ile sinunui spea kwa ajili ya kelele mpaka moja kati ya mambo mawili litokee: niwe nimeinyamazisha kelele kwa makusudi, au niwe nimeushika ulegevu kwa mkono wangu mwenyewe. Washukiwa wote hapa chini nimewalinganisha kwa kipimo hicho.

Anza na buti

Kabla hujagusa jeki, toa kila kilichomo ndani ya buti: jeki yenyewe, spana ya magurudumu, tairi la akiba, kigari cha kusukumia mtoto. Funga mikanda ya siti za nyuma isiyotumika, maana kile kichwa cha chuma kikigonga plastiki ya nguzo hutoa sauti ambayo utaapa ni shokapu ya nyuma. Kiti cha mtoto nacho kina vifungo vyake. Pima upepo wa matairi, kwa kuwa tairi lililojazwa kupita kiasi hufanya kila mtikisiko usikike mkali. Kisha pita tena njia ileile.

Kelele ikiwa bado ipo, chukua mtu wa pili, fungua madirisha, zima redio, pita polepole kando ya ukuta mrefu. Ukuta hurudisha sauti ya upande wake. Ukipita mara mbili, kila mara upande mwingine ukiwa karibu na ukuta, unapata kulinganisha kushoto na kulia. Mwenzako akae nyuma kwanza, halafu mbele. Sauti husafiri ndani ya bodi ya chuma, na bushi ya nyuma, yaani mpira unaokaa kati ya vyuma, inaweza kusikika kana kwamba iko chini ya miguu ya dereva.

Linki ya stabilaiza na shokapu

Hawa wawili ndio wanaosingiziwa makosa ya mwenzake kuliko wote, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Stabilaiza ni fimbo inayounganisha gurudumu la kushoto na la kulia ili gari lisilale upande kwenye kona. Kila ncha yake imeshikwa na linki fupi yenye kifundo juu na kifundo chini, mfano wa nyonga: boli ndani ya kikombe. Kikombe kikilika, boli hupata nafasi ya kukigonga. Sasa, fimbo hii huwa na kazi pale tu gurudumu moja linapopanda na jingine likabaki. Pita kwenye tuta lililonyooka, magurudumu yote mawili ya mbele yakipanda sawia, na linki mbovu mara nyingi itanyamaza. Pita kwenye vishimo vidogovidogo vya upande mmoja kwa mwendo wa mtu anayekimbia, nayo itaanza: ko-ko-ko, nyepesi na ya haraka, kama kokoto ndani ya kopo.

Shokapu, wengine huiita shokomzoba, haichagui hivyo. Ikiwa ndiyo inayogonga, inagonga hata kwenye tuta lililonyooka, na sauti yake ni nzito na mara nyingi moja: ngo. Tena shokapu nyingi zilizokufa hazigongi kabisa. Zinaliacha gari linese mara mbili tatu baada ya tuta, pua iiname sana ukikanyaga breki, na tairi lilike kwa mabaka. Ukiikuta imelowa mafuta yanayotiririka hadi chini, imekwisha hata kama iko kimya. Unyevu mwembamba tu uliokamata vumbi karibu na sili ya juu, huo huvumilika. Ule mtindo wa kukandamiza boneti hukamata shokapu iliyokufa kabisa. Iliyopoteza nusu ya nguvu yake hupita mtihani huo ikicheka, na kuhusu kelele mtihani wenyewe haukuambii kitu.

Sasa tuje kwenye kuishika linki kwa mkono, mahali ambapo hata mafundi wazuri hupotea. Mtu anainua gurudumu moja kwa jeki, anatikisa linki, anaikuta imekaza, anasema ni nzima. Lakini gurudumu moja likining'inia na jingine likiwa chini, stabilaiza imejipinda kama upinde na inaivuta linki kwa nguvu. Ulegevu wote umefichwa ndani ya mvuto huo. Itikise magurudumu yote mawili yakiwa chini, au yote mawili yakiwa juu kwenye stendi. Kwenye magari mengi, ukikata usukani hadi mwisho na kuzima injini, mkono unafika nyuma ya gurudumu bila kuinua chochote. Shika linki kwa mkono mmoja, vidole vya mkono wa pili viweke juu ya kifundo, kisha itikise kwa haraka. Linki iliyokwisha utaisikia kwenye vidole kabla ya kuisikia masikioni: tik, tik.

Mkono ukikosa uhakika, inyamazishe. Fungua linki zote mbili za mbele na uzitoe, zifunge ncha za stabilaiza kwa waya zisining'inie na kugonga, kisha zunguka taratibu mahali pasipo na magari. Gari litalala zaidi kwenye kona, kwa hiyo huo si mwendo wa barabara kuu, na familia ibaki nyumbani. Kelele ikiondoka, wa kuulizwa ni linki au zile bushi mbili zinazoishika stabilaiza katikati. Ikibaki, umeokoa bei ya linki. Mimi niliendesha dakika 10 hivi, kimya kabisa, nikiwa na shokapu mbili mpya ambazo hazikuhitajika mwezi ule.

Nati ya linki ina utundu wake. Ukiizungusha, boliti nayo inazunguka ndani ya kifundo, na unaweza kukesha hapo. Tazama ncha ya boliti: nyingi zina tundu la pembe sita, la eleni ya mm 5 au 6. Litoe udongo kwa msumari kwanza, zamisha eleni mpaka mwisho, ishikilie isizunguke, ndipo uzungushe nati kwa spana ringi. Anayelazimisha eleni juu ya udongo huliharibu tundu, na baada ya hapo ni msumeno.

Bolijointi, tairodi na beringi

Linki ikikatika, gari linalala kwenye kona na kelele inazidi. Bolijointi, kile kifundo kinacholiunganisha gurudumu na mkono unaolibeba, ikichomoka, gurudumu linajikunja chini ya gari na usukani hauna tena cha kuongoza. Kwa sababu hiyo ukaguzi huu naufanya hata pale ninapokuwa na hakika kwamba mkosaji ni linki.

Inua gari na ulikalishe juu ya stendi. Usiingize kichwa chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake hata kwa dakika moja. Shika tairi juu na chini, mkono mmoja ukisukuma na mwingine ukivuta. Kisha lishike kushoto na kulia, ufanye vilevile. Likicheza kushoto na kulia tu, mtazame tairodi endi, ncha ya fimbo ya usukani inayogeuza gurudumu, halafu tairodi ya ndani iliyojificha kwenye mpira wenye mikunjo. Likicheza juu na chini, ni bolijointi au beringi ambayo gurudumu huzungukia.

Kuzitenganisha hizo mbili ni jambo la sekunde tano. Mwambie mwenzako akanyage breki kwa nguvu na ashikilie, kisha tikisa tena. Breki hulifunga gurudumu pamoja na kile chuma kinachobeba habu, kitovu cha gurudumu, vikawa kitu kimoja, na beringi haipati nafasi ya kujionyesha. Ulegevu ukitoweka, ni beringi. Ukibaki, ni bolijointi, au bushi iliyo nyuma yake. Beringi pia hujitangaza kwa njia nyingine: huvuma, mvumo unapanda kadiri mwendo unavyopanda, na hubadilika ukikata kona kwa sababu uzito umehamia upande mmoja. Bolijointi haivumi. Hugonga kwenye matuta na ukikata usukani, wakati mwingine hulia kama mlango mkavu.

Mahali pa kuweka jeki hutegemea springi imekaa wapi. Magari mengi ya familia mbele yana mtindo wa MacPherson, uliopewa jina la mhandisi Mmarekani Earle MacPherson. Ford ya Uingereza iliutambulisha kwenye Consul mwaka 1950, na umeenea kwa sababu ni rahisi na unachukua nafasi ndogo. Humo springi na shokapu zimesimama pamoja, uzito wa gari unapita juu kwenye mauntini, kile kikalio kinachoifunga shokapu kwenye bodi, na bolijointi ya chini haibebi mzigo huo. Kwa hiyo acha gurudumu lining'inie, ingiza mtaimbo mfupi kati ya mkono wa chini, ule unaoitwa loa amu, na chuma kinachobeba habu, upandishe na kushusha huku ukiutazama mpira wa vumbi wa bolijointi. Kama gari lako lina mikono miwili, wa juu na wa chini, na springi imekaa juu ya ule wa chini, hesabu inageuka. Bolijointi ya chini ndiyo yenye mzigo, na gurudumu likining'inia springi huibana isionyeshe kitu. Jeki iende chini ya mkono wenyewe, karibu na gurudumu kadiri inavyofaa.

Mtaimbo mrefu hudanganya. Ukiupa nguvu za watu watatu, hata bushi nzima itasogea. Tazama jinsi inavyosogea: mpira mzima hujivuta na kurudi taratibu bila sauti, bolijointi mbovu huruka, tak, chuma kwa chuma. Na kama mpira wa vumbi umechanika lakini kifundo bado kimekaza, mimi hubadilisha. Maji na mchanga vimeshaingia, na kugonga kutafuata.

Bushi: kulia ni habari moja, kugonga ni nyingine

Bushi ya loa amu ni bomba la chuma nje, bomba dogo la chuma ndani, na mpira ulioshikamana na vyote viwili katikati. Haizunguki. Gurudumu likipanda, mpira hujipinda na kurudi. Kujua hilo kutakusaidia baadaye kwenye kukaza.

Kwi-kwi ya taratibu ukipanda ukingo wa barabara au abiria akishuka, hiyo ni sauti ya mpira unaosugua mahali usipopaswa, mara nyingi bushi za stabilaiza. Haina hatari ya haraka. Ngo moja nzito ukikanyaga breki, kisha nyingine ukiondoka, huku pua ya gari ikijivuta kidogo upande, hiyo ni bushi ya loa amu iliyochanika. Jaribu kwa mwendo wa kutembea: breki ya ghafla ukienda mbele, kisha ukirudi nyuma. Ngo moja kila unapogeuza mwelekeo inaelekeza huko. Mara nyingi ni bushi ya nyuma ya loa amu, kwa kuwa hiyo ndiyo inayopokea vuta nikuvute ya breki.

Kwa kwi-kwi, chupa ya kupulizia maji inatosha. Lowesha bushi moja, mwenzako alineseshe gari, sikiliza, kisha inayofuata. Itakayonyamaza baada ya kulowa ndiyo yenyewe, na dakika chache baadaye itaanza tena kulia. Tumia maji tu. Mafuta ya injini na dawa za kulegeza kutu hunyamazisha pia, tena kwa siku nyingi, ila mafuta ya jamii ya petroli huvimbisha na kulainisha mpira wa asili. Silikoni haidhuru mpira, lakini haikai muda mrefu.

Nyufa ndogo za juujuu ni uzee tu, haziniondoi usingizini. Mpira ulioachana na bomba, au mkato unaofunguka mtaimbo ukisukuma, huo ni mwisho wa bushi. Baadhi ya bushi zina majimaji ndani kwa ajili ya kupunguza mtetemo. Zikipasuka huacha michirizi myeusi kwenye loa amu, na nimeona mtu akiisoma michirizi hiyo kama shokapu inayovuja.

Mauntini ya juu na springi

Gari likiwa limesimama, mwenzako akate usukani pole pole kutoka upande mmoja hadi mwingine. Weka kiganja bapa juu ya springi ya mbele, vidole visiingie kati ya mizunguko. Ukihisi springi inajikusanya kisha inaachia kwa mruko, doing, beringi iliyo ndani ya mauntini ya juu imekwama. Bolijointi haitoi mruko huo.

Springi iliyokatika hujificha. Mara nyingi hukatika kwenye mzunguko wa chini kabisa, ndani ya kikombe chake, na gari linaendelea kutembea. Egesha mahali tambarare, pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, kushoto na kulia. Upande mmoja ukiwa chini bila sababu, chukua tochi uhesabu mizunguko. Ncha iliyokatika inaweza kutoboa tairi, kwa hiyo gari hilo lisiende safari.

Wanaojifanya saspensheni

Hawa si wa saspensheni, yaani springi, shokapu na viungo vyake, ila sauti zao hufanana; nawapitia haraka. Mchakacho wa tak-tak-tak ukiwa umekata kona kali huku umekanyaga mafuta ni sivii jointi ya nje, kiungo cha mhimili unaopeleka nguvu ya injini kwenye gurudumu. Kugonga unapobadilisha gia kutoka D kwenda R ukiwa umesimama, angalia mauntini za injini. Kelele inayonyamaza ukigusa breki kidogo tu wakati unapita penye vishimo ni pedi za breki au kalipa, kishikio cha pedi hizo, iliyolegea. Na kelele iliyoanza siku ileile gari lilipotoka gereji huwa ni nati ambayo haikukazwa; rudi na useme hivyo, bila ugomvi.

| Sauti | Lini | Wa kwanza kukaguliwa | Unaweza kusubiri? |
|---|---|---|---|
| Ko-ko-ko nyepesi | Vishimo vya upande mmoja, mwendo mdogo | Linki ya stabilaiza | Wiki kadhaa, kwa adabu |
| Kwi-kwi | Kupanda ukingo, kushuka kwa abiria | Bushi | Ndiyo |
| Ngo moja | Breki na kuondoka | Bushi ya loa amu | Siku chache. Usiende mbali |
| Tak | Usukani na matuta | Bolijointi, tairodi | Hapana |
| Doing | Usukani, gari limesimama | Mauntini. Hakikisha springi haijakatika | Mauntini ndiyo, springi hapana |
| Mvumo | Unapanda na mwendo | Beringi | Ikivuma tu, siku chache; ikicheza, hapana |

Ukishamjua mkosaji, ununue kipi

Swali linalokuja kila mara: bushi peke yake au loa amu nzima? Bushi ni rahisi kwa bei, lakini hutolewa na kuingizwa kwa mashine ya kukandamiza, na loa amu lazima ishuke hata hivyo. Kwa hiyo ujira unakuwa uleule, au zaidi. Loa amu ikiwa na bushi mbili na bolijointi, vyote vya umri mmoja, mimi huchukua nzima. Bushi peke yake naichagua pale bolijointi ilipobadilishwa karibuni, au pale loa amu mpya inayopatikana ni ya ubora wa kutia shaka na ile ya zamani ni chuma kizuri kisichopinda. Hali hiyo ya pili hutokea mara nyingi kuliko inavyosemwa: loa amu mpya ya bei ya chini huja na bolijointi inayolegea kabla hata rangi haijachubuka.

Mpira au poliyurethani? Bushi ngumu za poliyurethani hudumu na huufanya usukani ujibu upesi. Pia huingiza mtetemo wa barabara ndani ya gari, na zikikosa grisi yake maalumu ya silikoni huanza kwi-kwi ileile uliyokuwa ukiikimbia. Kwa gari linalobeba watoto waliolala nyuma, chukua mpira.

Linki hazinipi shida ya kuchagua. Ni rahisi, zinafungwa kwa nati mbili kila upande, na hazibadilishi alaimenti, yaani mlingano wa magurudumu. Nunua mbili, upande wa pili una umri huohuo. Shokapu pia hubadilishwa jozi kwenye ekseli moja, kwa sababu nyingine: upande mmoja ukizuia zaidi ya mwingine, gari hujibu tofauti kwenye breki na kona. Bolijointi moja inaweza kubadilishwa peke yake bila dhambi, mradi ya pili imekaguliwa. Ukibadilisha tairodi, loa amu au shokapu ya MacPherson, weka kando na pesa ya alaimenti. Anayeiruka hiyo huilipa kwa matairi.

Kati ya shokapu tupu na seti iliyokwisha kufungwa pamoja na springi na mauntini, seti hugharimu zaidi lakini humwondolea mtu wa nyumbani kazi moja mbaya: kubana springi. Springi iliyobanwa ina nguvu ya kuvunja mkono na zaidi, na vile vibanio vya kuazima huteleza. Kama si seti, mpe fundi mwenye mashine ya ukutani. Ukinunua shokapu tupu, nunua pia vizuio vya mpira na mifuko ya vumbi. Kuweka shokapu mpya juu ya kizuio kilichomong'onyoka ni kuialika ngo irudi.

Spea iliyotumika je? Loa amu ya chuma tupu ambayo utaitia bushi mpya, sawa, ukihakikisha haijapinda. Springi iliyotumika kutoka gari lenye injini ileile, labda. Bolijointi, tairodi, linki na shokapu zilizotumika sizichukui, kwa sababu kinachouzwa hapo ni uhai uliobaki na hakuna anayeujua.

Kuhusu kujifanyia mwenyewe: linki, ndiyo, ukiwa na stendi mbili na subira. Tairodi endi, ndiyo, ukihesabu mizunguko wakati wa kuitoa ili urudishe karibu na ilipokuwa, kisha moja kwa moja alaimenti. Nati yake ya taji ikishafika ukazaji unaotakiwa na tundu la kota pini, ile pini ya kuzuia nati isilegee, halijalingana, endelea kukaza mpaka tundu linalofuata, usirudishe nyuma. Nati zenye plastiki ya kuzuia kulegea zisitumike mara ya pili. Bushi na loa amu, mpe fundi, lakini ukae karibu wakati wa kufunga, kwa sababu ya jambo moja.

Boliti za loa amu zikazwe mwisho gari likiwa limesimama kwa uzito wake, magurudumu chini au jeki imeipandisha loa amu hadi kimo cha kawaida. Kumbuka mpira umeshikamana na mabomba yote mawili. Ukikaza gurudumu likining'inia, bushi imefungwa katika hali ya kuning'inia. Ukishusha gari, mpira unajipinda na kubaki umejipinda hata gari likiwa limeegeshwa. Hiyo ndiyo bushi mpya inayochanika mapema na mtu akalaumu kiwanda. Unaweza kusema kwa upole tu, "Fundi, hizi boliti za loa amu naomba tuzikaze gari likiwa chini." Fundi mzuri atasema ndivyo alivyokuwa amekusudia.

Kazi ikiisha, pita njia ileile, mwendo uleule, buti tupu. Baada ya siku chache rudi chini na spana ya toki, ile inayopima ukazaji, uguse nati zote zilizofunguliwa, za magurudumu zikiwemo. Vipimo vyake viko kwenye kitabu cha gari.

Gari langu kwa sasa lina kwi moja nyuma upande wa kulia, asubuhi za baridi tu, hadi mpira unapopata joto. Nimeilowesha, ikanyamaza; nimeitia mtaimbo, haifunguki. Ni bushi ya stabilaiza ya nyuma. Mpya nimeshainunua, iko kwenye rafu, inasubiri siku nitakayolala chini ya gari hilo kwa kazi nyingine.